Mkia wa Risasi

Shoga, uko hapo? Usinipigie, mume wangu yuko bafuni.

Mkono wangu haukutetemeka. Umesikia? HAUKUTETEMEKA.

Leo alinishika bega mbele ya timu nzima ya kulenga shabaha, "Pole mke wangu, mkono ulitetemeka, ndiyo mashindano." Na mimi nikamwomba radhi! Nikampongeza kwa kuchukua nafasi yangu!

Si unajua risasi zetu huzitengeneza yeye, pale mezani stoo? Juzi nilizijaribu kwa mita mia moja, zote zikagonga katikati. Leo kwa mita mia nane upepo umezipeperusha kama makapi. Nikajilaumu macho, nikajilaumu pumzi, nikajilaumu kila kitu.

Sasa hivi nimechukua moja iliyobaki, nikaing'oa kichwa kwa koleo. Kitako chake bapa, shoga. Bapa kama kizibo! Zangu miaka yote zina mkia uliochongoka, ndio unaozisaidia kushindana na upepo huko mbali. Na mkia unakaa ndani ya ganda, huwezi kuuona. Kwa karibu hutambui tofauti. Kwa mbali zinakuumbua.

Nikasema labda vichwa vyenye mkia vilimwishia, maskini. Nikafungua boksi lake, nikang'oa na ya kwake.

Ina mkia.

"Mkono ulitetemeka." Kwa mdomo uleule anaoniombea dua!

Nimeviweka vichwa vyote viwili kwenye sahani yake, nikafunika. Maji yamefungwa bafuni, anakuja kula.

Mkono hautetemeki.