Tulivyokifunga Kiwanda C

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekupa nafuu tangu uanze kulalia godoro gumu. Mama hajambo? Na mdogo wangu ameshaacha kuumwa tumbo kila siku ya mtihani wa hesabu? Mimi mwili mzima. Ya moyoni tutayafikia.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtoto ambaye simu haimtoki mkononi. Kwenye simu ungeniuliza kama nimekula, ningejibu nimekula, tungecheka mawili matatu, kisha ningekata bila kusema kitu. Ndiyo maana nimekaa hapa maktaba tangu asubuhi. Nimeshachana karatasi tatu.

Nianze na habari unayoijua nusu. Ni kweli tumeshinda. Siku ile nilikutumia maneno mawili tu, na Mama ameniambia kwamba uliyasoma kwa sauti pale getini kazini kwenu, zamu ya asubuhi ikitoka na ya mchana ikiingia, mpaka mlinzi akapiga makofi. Eti yule fundi wa kuchomelea, aliyeniazima koti la mkewe kwa ajili ya safari, anasema lililoshinda ni koti. Mwambie nimelifua na litarudi.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe, maana ulikuwa hukomi kuuliza ni mchezo gani huo usio na mpira. Mnapewa kampuni iliyomo ndani ya kompyuta. Mnaamua bei ya bidhaa, mtengeneze kiasi gani, muajiri watu wangapi, mtangaze vipi. Mkishaamua mnabonyeza, mwaka mzima unapita kwa dakika moja, na kompyuta inawaambia kama mmepata au mmeumia. Wapinzani ni wanafunzi wa nchi nyingine, nao wanawagombania wateja walewale. Tulianza vyuo mia nne na ushee, kila mtu akichezea kwao. Fainali tukabaki vinane, tukakutanishwa kwenye hoteli yenye zulia zito kiasi kwamba husikii hata unapotembea.

Tulikuwa watatu. Kasuku ndiye msemaji wetu, kijana anayeweza kumuuzia mvua aliyelowa. Kikokotoo ni msichana mkimya ambaye hukumbuka namba jinsi watu wengine wanavyokumbuka sura. Mimi wakanifanya nahodha kwa sababu, walisema, nina roho ngumu. Nilidhani wananisifu.

Siku mbili za mwanzo tuliendesha kampuni ya kubuni, ya viatu, tukawa wa nne. Siku ya tatu tukaambiwa kwamba mambo ya kubuni yamekwisha. Kampuni mojawapo kati ya zilizofadhili mashindano ilikuwa imetoa taarifa za kiwanda chake cha kweli, zikafutwa jina na nchi, zikaingizwa kwenye mchezo. Wakakiita Kiwanda C. Tulisainishwa karatasi kwamba hatutatoa nje hata mstari mmoja. Kila timu ilitakiwa ikiendeshe kwa miaka mitano ya kompyuta, iandike ripoti, kisha isimame mbele ya majaji ijitetee.

Kiwanda C kilikuwa cha sabuni, Baba. Kilikuwa na wafanyakazi mia moja themanini na sita. Hakikuwa kiwanda cha kuringia, ila kilikuwa kinajilisha. Timu zote nyingine zilikibakiza: moja ikashusha bei, nyingine ikatengeneza sabuni ya watoto. Sisi tulikifunga. Mwaka wa kwanza tu. Nilibonyeza mimi, na ile mia moja themanini na sita ikageuka sifuri. Kiwanja tukakiuza, mashine zilizofaa tukazihamishia kwingine. Kasuku alisita, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana kiwanda kilikuwa na faida. Nikamwambia aniamini. Hiyo ndiyo kazi ya nahodha.

Kwa namba tupu tulitoka wa pili. Kilichotupandisha ni utetezi. Kati ya majaji alikuwamo mama mmoja wa makamo, mkuu wa mipango wa kampuni ile yenye kiwanda, ana sauti ya chini inayowanyamazisha wengine. Aliuliza kwa nini tufunge kiwanda ambacho taarifa zote zinasema kiko salama. Nilimjibu mimi, si Kasuku. Majaji wakatazamana. Baada ya nusu saa tukatangazwa washindi. Kikokotoo alilia, Kasuku akaninyanyua juu, na ile picha yangu na kombe mliyoiona ilipigwa hapo hapo.

Kwenye chakula cha mchana yule mama aliniita mezani kwake. Alinieleza kwamba suala la Kiwanda C limekwama kwenye bodi yao miaka miwili, kwa sababu wajumbe wanaotaka kukifunga hawakuwa na hoja ya kuwanyamazisha wasiotaka. “Wewe umetupa hoja,” akasema, akanimiminia maji kwa mkono wake. Ripoti yetu imeshagawiwa kwa wajumbe. Mwanzoni mwa mwezi ujao mafundi wa makao makuu watakuja kukagua boila yake ya mvuke. Kisha, kana kwamba ananipa zawadi, akanitajia jina la kiwanda.

Ni chenu, Baba.

Zile karatasi tatu nilizochana zote ziliishia hapa. Zilisema kwamba nilishtuka, chakula kikanikwama kooni, kwamba laiti ningalijua. Ningeweza kukutumia mojawapo, na najua ungenionea huruma. Ungesema mwanangu alicheza mchezo wake, angejuaje?

Nilijua. Nilijua tangu ukurasa wa pili wa taarifa zao.

Boila ya Kiwanda C ilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Wewe uliajiriwa wiki ileile iliposhushwa kwenye lori, hadithi hiyo naijua kuliko ninavyolijua jina langu. Hapo nilijiambia dunia ina maboila mengi. Nikafungua ukurasa uliofuata nikakuta kwamba miaka sita iliyopita uzalishaji ulisimama siku tisa mfululizo. Siku tisa, Baba. Nilikuwa nikitoka shule nakuletea chakula getini, unatoka macho mekundu, unakula umesimama, unarudi ndani. Sheria za mashindano zilisema mwenye uhusiano na kiwanda anyooshe mkono aseme, atapangiwa kingine. Sikunyoosha. Tulikuwa wa nne, na mimi nilikuwa nimeshaona jinsi ya kuwa wa kwanza.

Maana nilikuwa na kitu ambacho timu nyingine hazikuwa nacho. Nilikuwa na wewe, ukivua viatu mlangoni na kutusimulia jinsi pampu ya boila isivyo na vipuri tena duniani, jinsi unavyompelekea mkereza vyuma wa mtaani kipande kilichovunjika akuchongee kingine, jinsi unavyokata gasketi za kuzibia mvuke kwenye mikanda ya mashine iliyochakaa, na msimamizi anaandika kwenye kitabu cha matengenezo “usafi wa kawaida.” Mama alikuwa akisema siku moja boila hiyo itatuletea msiba. Wewe ulicheka. “Ile inaishi kwa waya na huruma,” ulisema, “lakini bila waya wangu wangeshatufungia zamani.” Ndiyo maana wenzako wanakuita Daktari.

Yule mama aliponiuliza kwa nini tufunge, nilimjibu hivi: “Boila ya umri huu ambayo haijanunuliwa kipuri hata kimoja kwa miaka sita si boila nzima. Kuna mtu anauficha ugonjwa wake. Mtafuteni.”

Aliniuliza nimelijuaje hilo. Nikamwambia namba zinasema. Hazikusema. Uliyesema ni wewe, nyumbani, mbele ya wanao.

Nimejaribu kujitetea kwamba pengine boila ile ni hatari kweli, na kwamba ikilipuka utakayekuwa karibu nayo kuliko wote ni wewe. Huenda ni kweli. Lakini niliposimama pale sikufikiria mlipuko. Nilifikiria kombe. Na si kombe tu, kuna kazi: wamenipa nafasi kwenye idara ya mipango, makao makuu, nianze nikihitimu. Sijawakatalia. Nilitaka nikuandikie kwamba nimekataa, lakini katika barua hii nimeapa nisiweke uongo mwingine.

Jana niliwaambia wenzangu. Kasuku alitoa simu akaifuta ile picha ya kombe. Kikokotoo aliniuliza kwetu tuko wangapi tunaomtegemea baba. Nikamwambia watatu, na bibi wa nne. Akachukua begi lake akaondoka.

Ndani ya bahasha hii kuna ripoti yetu yote, kurasa kumi na nne. Nimekatazwa kuitoa. Ikijulikana, kombe litarudishwa, na hao wawili wasio na kosa watavuliwa ushindi pamoja nami. Mpelekee katibu wa chama cha wafanyakazi kabla mafundi hawajafika. Ukurasa wa tisa unaonyesha bei ya kiwanja. Ni kiasi ambacho nyie hamtaambiwa, kwa hiyo mkae nacho mkononi mnapozungumzia mafao. Mtu yeyote asisaini kitu siku ya kwanza. Na wakiuliza nani alikuwa akiifunga boila waya, usinyooshe kidole kwako peke yako. Msimamizi aliandika kitabu kwa mkono wake, na muhtasari wa kitabu chenyewe uko ukurasa wa sita. Uupige mstari.

Sijui utawaambiaje wenzako umeipata wapi. Ukiwaambia ukweli, sitakulaumu. Ukinificha, Baba, tafadhali usinifiche kwa huruma. Huruma yako nimeshaitumia vibaya.

Msalimie Bibi na majirani wa pande zote mbili. Mama msomee mwenyewe, polepole, na umpe nafasi ya kukasirika. Mdogo wangu usimsomee. Juzi ameniandikia kwamba ameanza kufanya hesabu kila jioni, anataka awe kama mimi.

Sikuombi jibu. Ila mkono ukikuwia mzito, mwambie Mama aniandikie mstari mmoja tu, kwamba barua imefika, na imefika mapema.

Mimi mwanao wa kwanza.