Sauti Mbele ya Nyumba ya Paige

Mpendwa dada Loretta,

Theluji imeanza kuyeyuka, na goti langu linaendelea vizuri. Jana mahakama ilimtia Paige hatiani kwa kumhimiza mpenzi wake, mwanangu Colin, ajiue. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Jioni nilipita kwao, anakongojea hukumu ya kifungo. Umati ulisimama mbele ya nyumba, kimya kama uko kanisani. Kisha wote wakaanza kumwambia, kwa upole, maneno yake kwa Colin yaliyosomwa mahakamani: "Unangoja nini, mpenzi? Fanya tu."

Pazia la dirishani likatikisika. Niligeuka kurudi nyumbani, maana sauti iliyowaongoza niliijua. Ni ya mume wangu, Gordon.

Sasa amerudi, anakunywa supu yake ya chaza. "Mbona huli, Deirdre?" ameniuliza.

Dada, kesho nakuja kukaa kwako.

Mdogo wako,
Deirdre