Kufunga Kwako Kabla ya Kliniki

Mke mwenzangu, Mama Nasimiyu,

Unajua sijui kuandika. Nasema, na Nasimiyu wako anaandika, na nimemwonya asinilainishie maneno. Tulikuzika nyuma ya nyumba wakati wa mavuno, na mpaka leo nimekukasirikia.

Unakumbuka tukipalilia mahindi hapa Naitiri, wewe mstari wako, mimi wangu, na muwa umeuficha ndani ya leso? Ulikuwa unavunja pingili unanipa. "Tafuna haraka, mzee asituone." Watu walingoja tupigane kama wake wenza wengine. Mzee akafa, wakangoja tena, wakachoka.

Halafu ukapatikana na sukari. Kila kliniki ya Kitale ikikaribia, siku mbili hugusi chakula. "Nafunga, niko na maombi." Mimi mjinga naondoa sufuria polepole, nisikuharibie maombi yako.

Asubuhi wanakudunga kidole, na nesi anatangaza benchi lote lisikie: "Muoneni huyu mama, sukari yake iko sawa. Nyinyi wengine mnakula nini?" Wanakupigia makofi. Hata stendi hatujafika, uko na soda na mandazi mkononi. "Si nimefaulu, bana?"

Umefaulu nini? Kidole kilisema habari za siku mbili. Zile zingine za mwezi nani aliuliza? Dawa wakakuachia ile ile, na hata hiyo ulikuwa unameza kliniki ikikaribia tu. Hao wa kliniki nao nimewakasirikia. Hakuna hata mmoja aliyekwambia vua kiatu tuone mguu. Kidonda kikakaa humo ndani, wewe husikii uchungu, mpaka mimi nikasikia harufu.

Uliniambia ukweli pale hospitali Bungoma, mguu umeshakatwa. "Wenye sukari ya juu walikuwa wanagombezwa mbele ya watu. Niliogopa aibu." Aibu! Mimi nilikuogesha, nikakubeba mgongoni kukupeleka choo, na wewe unaogopa aibu ya watu wa benchi ambao hata jina lako hawalijui. Ungeniambia mimi. Ningeenda kugombana nao kwa niaba yako, na unajua napenda kugombana.

Sasa sikia. Nasimiyu naye ana sukari. Juzi juzi nimepika, akasukuma sahani. "Mama mkubwa, leo nafunga."

"Kliniki ni lini?"

Akasema, "Kesho kutwa."

Nilimkalia hapo mpaka akala, ugali kidogo na mboga nyingi, kama alivyoambiwa. Siku ya kliniki nikaenda naye. Sukari ikapatikana juu sana, na nesi akaanza, "Wewe mama, si tulikwambia..." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo sukari yake ya kila siku. Ameileta kwenu haijapakwa mafuta. Itibuni hiyo." Mzee mmoja kwenye benchi akasema polepole, "Hata mimi sijala tangu jana."

Nesi akakaa chini. Akamuuliza Nasimiyu anakula nini, anameza dawa namna gani. Dawa wamembadilishia. Miguu wameiangalia, yote miwili, kwa sababu nilikataa kutoka.

Anaandika hapa akilia. Alie, lakini aandike.

Pumzika, dada. Hasira yangu haijaisha. Kaburi lako nalipalilia mwenyewe, na sitaki mtu mwingine aliguse.

Mke mwenzako,
Mama Wafula