Mgongo wa Mama na Neno la Daktari

Mapendo, Goma
9 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Ange,

Habari za Lubumbashi? Natumaini wewe, Jean-Bosco na watoto mko wazima, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe, ila moyo wangu haujapoa tangu tumzike mama.

Umeniuliza huo ugonjwa wa décubitus ni upi, maana kaka yetu Baharanyi alikwambia kwenye simu kuwa ndio uliomwua mama nyumbani kwake Katindo. Hata mimi nilidanganyika. Jina lenyewe lilinitisha, nikadhani ni mpango wa Mungu.

Nikamfuata daktari aliyemwona mama. Alinitazama kwa huruma, akaniambia: « Mama, ile haiko ugonjwa. Ni neno ya Kilatini, maana yake kulala chini. Mama yenu alipata kidonda ya kulala, sababu hakuna mutu alikuwa anamugeuza. »

Kulala tu, Ange. Nilitoka pale na hasira.

Siku ya kuondoa matanga Baharanyi akasimama tena na décubitus yake mbele ya watu. Nami nikasimama, nikawaeleza maana yake. Akaona haya, akajitetea: « Mama alikuwa anapokea wageni. Angewapatia mugongo namna gani? »

Basi ndiyo hivyo. Kwa heshima ya wageni walimlaza chali siku zote, kichwa juu ya mito, kitenge kipya kifuani, na chini yake nyama inaoza. Adabu ndiyo iliyomwua mama yetu, na aliyeilinda namjua.

Sasa sikia. Mwezi uliopita pikipiki ilimvunja Baharanyi paja, naye amelala. Mkewe yuko sokoni kutwa, wakaniomba nimtunze. Nimekubali, lakini usidhani nimesamehe. Namgeuza kushoto, namgeuza kulia, wageni wakija wanasalimia kisogo. Kila nikimgeuza namwambia polepole, kama mdogo kwa kaka yake mkubwa: « Ni hivi tu, yaya. » Juzi alilia, sikuacha. Mgongo wake hauna hata mchubuko. Nataka apone kabisa, azeeke, na kila akipanda kitandani akumbuke ilikuwa kazi rahisi namna gani.

Msalimie sana Jean-Bosco, na mwanao Bénie umbusu kwa niaba yangu. Jirani yetu mama Umugwaneza anawasalimu. Baharanyi sijamwuliza kama ana salamu.

Mungu awalaze salama, awaamshe salama.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa nikupendaye bila kupunguza,
Dorine