Kilio cha Mwanangu Kwenye Gemu Lako

Shemeji,

Huku wazima, mtoto ameota jino la pili. Salamu za moyo sina.

Mtoto alipougua, ulirekodi kilio chake, eti umpelekee kaka yako safarini. Kumbe umekitia kwenye gemu lako la simu ulilotengeneza: zimwi likipigwa, linalia kama mwanangu! Kinyozi jirani anacheza kutwa, wateja wanashangilia, "Litandike tena, lilie!" Mtoto akisikia, ananing'ang'ania shingoni.

Nilipokupigia ukanijibu, "Shemeji, wachezaji ndicho wanachokipenda, nikikitoa watanikimbia." Wakimbie mpaka viatu viwatoke!

Bado nina imani utakitoa. Kama lazima zimwi lilie, njoo unirekodi mimi. Nitalia mpaka mtosheke.

Ni mimi, mama wa huyo mnayemtandika.