Alimwombea, Kisha Akafunga Kioo

Jumapili, 9 Machi 2025

Salamu kwanza. Simon aliponiachia daftari hili alisema, Aayo, yaani mama kwa lugha yetu, moyo ukijaa usihangaike na simu, kule kwangu mtandao hakuna, andika. Mimi shule niliishia darasa la nne na tulifundishwa kuandika barua, na barua ni salamu. Basi nasalimu. Namsalimu Baba Simoni, Wilibrodi, mgongo bado unamsumbua ila shambani anakwenda. Namsalimu mama mkwe wangu Bibi Bernadina, yuko jikoni anaota moto na kulalamika ugali ulikuwa laini. Namsalimu Brigita binti yangu, anafua huku anachezea simu, nguo moja tangu asubuhi. Nawasalimu kuku na mbuzi. Namsalimu Simon mwenyewe huko porini, mbele ya Baray, kwa Wahadzabe, alikotumwa na kanisa awe mmisionari. Kijana wangu! Hajui hata kupika wali usiungue.

Jirani yangu Josephati simsalimii.

Nieleze kwa nini. Mwezi uliopita Simon aliletwa nyumbani na malaria, juu ya fuso la vitunguu la Issa. Nikamwuguza. Supu, uji, maji ya kumkanda. Alhamisi amerudi kazini, mwembamba kama mti wa mbaazi. Nilijua hivyo tu. Yeye hakusema zaidi.

Leo kanisani Josephati akasimama. Ni mzee wa kanisa, mkubwa wa kamati ya umisheni, na siku za kazi anaendesha wageni wa utalii. Akasema tumshukuru Mungu, mmisionari wetu amepona, maana yeye mwenyewe alimwekea mkono kichwani akamwombea huko huko porini. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga sana.

Nikapita dukani kwa Zuena kuchukua chumvi. Zuena ndiye mke wa Issa. Nikamsimulia habari ya maombi. Akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamwuliza, mwenzangu una nini. Akasema, kumbe hawajakuambia.

Issa aliona kwa macho yake, alikuwa anabadilisha tairi hapo hapo. Wahadzabe walimbeba Simon mgongoni kwa zamu mpaka barabarani. Likaja gari jeupe la Josephati. Ndani wageni wawili, waliokwenda kuangalia watu wakirusha mishale. Nyuma viti vitupu. Likasimama. Mzee Gudo, mwindaji anayekaa na Simon, akamnyanyua mtoto wangu mpaka dirishani aonekane alivyo. Josephati akasema wageni wamekodi gari zima, mgonjwa anatapika, atawaharibia safari. Akatoa mkono dirishani, akamwekea kichwani, akaomba. Maombi marefu, mpaka amina. Kisha akafunga kioo. Mgeni mmoja ndiye aliyewahi kudondosha chupa ya maji kabla kioo hakijafika juu.

Issa akafunga tairi lake, akampakia juu ya magunia, akamleta. Hakuomba kitu. Hata maombi.

Chumvi niliisahau dukani.


Jumanne, 11 Machi

Sili. Naonja tu.

Nimefikiria kumtilia mchanga kwenye tangi la gari. Nimefikiria kusimama kanisani niseme yote mbele ya suti yake ya kahawia. Nimefikiria mambo mengine siyaandiki, ni Kwaresma.

Baba Simoni anasema mtoto amepona, yaishe. Nikamwambia mtoto amepona kwa fuso. Akavaa kofia akaenda shambani, jembe kaliacha.

Bibi ndiye aliyenisikiliza. Akasema zamani mtu wa namna hiyo alitengwa. Hapewi moto, haamkiwi, akipita watu wanatazama milimani, mpaka aje mwenyewe kuomba. Nikamwambia, Bibi, siku hizi kila mtu ana kiberiti. Alicheka mpaka akakohoa.

Tukiwa tunapukuchua maharage ya ngwara nikamsikia Doa analia ng'ambo ya ua wa Josephati. Mkono wangu ukasimama.

Doa ni ng'ombe wangu. Wangu mimi, nilipewa na baba yangu. Josephati ng'ombe wake alikufa mwaka jana, na mkwe wake Sifa alikuwa mjamzito, mume yuko kazini Arusha. Nikasema chukueni Doa mkae naye. Ndivyo tunavyofanya huku, anayetunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Doa kazaa, Sifa naye kazaa, hata arobaini haijaisha. Maziwa ya Doa ndiyo uji wa Sifa, na uji wa Sifa ndiyo maziwa ya mtoto.

Bibi akaniona ninavyotazama ua ule. Akasema nyumba yenye mzazi wa arobaini haitolewi ng'ombe. Haijawahi. Akalisema mara mbili.

Nimesikia, Bibi.


Alhamisi, 13 Machi

Nimemtoa.

Nilioga kwanza. Nikavaa kitenge cha Pasaka. Nikaenda na kamba yangu mwenyewe, sikutaka kugusa ya kwao.

Josephati alikuwa anaosha gari. Akanikaribisha vizuri, Mama Simoni karibu, mmisionari wetu hajambo? Mmisionari wetu! Nikasema nimefuata ng'ombe. Akadhani nataka nimtazame tu. Nikafungua zizi. Hapo akaacha dumu la maji. Akasema lakini Sifa yuko ndani, mama, wewe ni mtu mzima unajua mila. Akasema kama kuna neno tukae tuongee, tumwite mchungaji.

Sifa akatoka mlangoni na mtoto, kajifunika shuka. Hajui lolote yule binti. Akaniamkia. Akauliza, mama, unampeleka Doa kwenye josho?

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumanne. Nikamwendea, nikamwekea mkono kichwani, nikaomba kwa sauti. Nikamwombea afya, na maziwa mengi, na mtoto akue. Maombi marefu. Nikafika amina. Kisha nikamgeukia Josephati.

"Nimeshamwombea, mzee. Sasa nafunga kioo."

Uso wake! Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Maji ya dumu yanamwagikia viatu wala haoni.

Nikapita getini na Doa wangu, ndama nyuma. Leo nimekula sahani mbili.


Ijumaa, 14 Machi

Doa anazuia maziwa. Ndama akinyonya anaachia, nikishika mimi anarusha teke. Kamwaga ndoo. Brigita kacheka, nimemfukuza.

Atazoea.


Jumapili, 16 Machi

Kijiji kizima kinajua. Kanisani akina mama wamenipisha kwenye benchi kama nina upele. Kule kutengwa alikosema Bibi, kumbe bado kupo, ila kumenigeukia mimi.

Mama mmoja wa kwaya akanifuata nje. Akasema Sifa anakunywa uji mweupe wa maji, mtoto analia usiku kucha. Nikamwuliza Simon alipolala kwenye vumbi nani alikuja kuniambia analia. Akasema Sifa si Josephati. Nikasema ninajua. Akasema basi? Nikasema basi.

Sijuti. Naliandika hapa ili nilisome kesho. Sijuti.

Josephati leo hakusimama kusema kitu. Alikaa benchi la nyuma. Nilifurahi mpaka nikakosea wimbo.


Jumanne, 18 Machi

Kiwele cha Doa kimevimba upande mmoja. Kigumu. Ndama anakikimbia. Nimekikanda kwa maji ya moto, nimepaka mafuta, nimembembeleza kama mtoto. Kaninyima hata tone.

Mchana nikasikia hodi. Sifa. Kafunika kichwa kwa kanga, katoka nje na arobaini haijaisha, watu wakimwona watasema nini. Shikamoo mama. Marahaba. Akasema amemsikia Doa analia, amejua kiwele.

Sikumzuia. Akachuchumaa, akampigapiga ubavuni, akaimba kitu kwa pua, kile kinachoimbiwa watoto. Doa akatulia palepale. Maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo. Akaukamua upande ule mbaya taratibu mpaka ukalegea. Ndoo ikajaa povu. Mbele ya nguo yake nikaona pakavu. Mzazi wa mwezi mmoja, kifua kikavu.

Akasimama akanawa mikono. Nikasema, na nilisema kwa shida, binti yangu chukua maziwa. Chukua yote.

"Hapana mama," akasema. "Wewe ulishaniombea."

Akaondoka. Hakufunga hata mlango wa ua kwa nguvu.

Niliyachemsha yale maziwa yakafurika yote motoni nimesimama nayaangalia. Bibi kanusa, kageukia ukutani.

Lakini Josephati ndiye aliyeanza. Yeye. Mbona mimi ndiye nanuka moshi?


Alhamisi, 20 Machi

Mvua siku zote hizi. Simon ametuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Brigita. Kapanda kilima kutafuta mtandao, unamsikia anahema.

Ameshasikia habari za Doa. Issa kamwambia alipopita na fuso. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Akasema, Aayo, hapa watu wawili wakikosana mmoja anachukua upinde wake na moto wake anahamia pengine, hasira inabaki kwenye majivu. Akasema amekuja kuwafundisha lakini siku nyingi anakaa kimya tu. Na mimi nihamie wapi, Simon? Nina nyumba ya matofali na ukuta mmoja na Josephati.

Halafu akakohoa. Akasema kwa haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba homa imerudi. Dawa imekwisha. Gudo na vijana watambeba kesho mpaka pale pale barabarani. Akatusalimu wote kwa majina, akamsalimu na Sifa.

Nilikimbilia kwa Zuena bila viatu. Fuso la Issa limekwama kwenye tope mbele ya Baray, hakuna lori lolote linalopita, bodaboda ndiyo kabisa. Gari linaloweza kuvuka korongo ni lile jeupe tu. Na kesho lina wageni wa kwenda huko huko.

Baba Simoni akavaa kofia akaenda kwa Josephati. Mimi sikumtuma. Sikumzuia. Karudi haraka. Nikamwuliza kasemaje. Kasema hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza tu, ng'ombe anakula?

Ng'ombe anakula! Nimelirudia neno hilo jioni yote. Sijui ni la mtu anayeona huruma au la mtu anayepima kisu.

Brigita anasema, mama, mrudishe sasa hivi, ni hatua chache. Nikamwambia nikimrudisha leo nitakuwa namnunulia kaka yako kiti kwa ng'ombe. Akasema basi mnunulie. Ana mdomo mtoto huyu.


Ijumaa, 21 Machi

Limepita.

Nilikuwa getini tangu kulipokucha na sweta la Simon mkononi. Nilitaka kumpa Josephati, nimwambie ni la mgonjwa atakayemkuta njiani. Nilikuwa nimeyapanga maneno, kama ile siku. Gari likaja, wageni nyuma, safari hii watatu. Likapunguza mwendo. Kioo cha dereva wazi. Akanitazama mimi, akatazama sweta, akamtazama Doa nyuma yangu. Macho yake mekundu, hata yeye hakulala.

Mdomo wangu ukakataa. Naapa nilikuwa nimeufungua. Nilimwona Simon kwenye lile vumbi, nikaona ule mkono kichwani pake. Nikamchukia mtu yule kuliko nilivyompenda mtoto wangu, sekunde moja tu, lakini ilikuwa ndiyo hiyo sekunde.

Kioo kikapanda. Gari likaenda.

Nimefungua kamba ya Doa. Nimeishika hapa. Sijafika kokote, niko getini, naandika daftari limelala juu ya mgongo wake. Ndama hakungoja, ametangulia peke yake, ameshafika mlangoni kwa Sifa, analia. Nasikia mlango unafunguliwa.

Brigita kasema niandike, yeye ataingiza kwenye simu, labda Simon atapata mtandao barabarani. Ingiza hivi, Brigita, usipunguze neno.

Simon mwanangu. Baba anakusalimu, Bibi anakusalimu, Brigita anakusalimu, Doa na ndama wanakusalimu, Zuena na Issa pia. Sifa sijui, ndiyo naenda kumwuliza. Mwambie Gudo akunyanyue juu, juu sana, uonekane. Gari jeupe la Josephati likisimama ingia, usimwulize kitu. Likikupita usiniambie mengine, niambie hilo tu, nijue cha kufanya na kamba hii. Nijibu upesi, mwanangu, neno moja linatosha. Limesimama, au limepita.