Hoja Iliyoandikwa kwa Jina Langu

Jumatano. Ukungu umeilalia kreta ya Menengai tangu alfajiri, na hapa mtaani Section 58 nguo za jana bado zinadondosha maji kambani. Sijala. Sijasoma chochote, nami ni mtu wa kusoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi.

Nimeteuliwa kuwa mhadhiri msaidizi wa falsafa ya sayansi, kwa hoja ambayo si yangu.

Ni ya Chebet. Katika semina zetu za uzamili tulikuwa wanaume tisa na yeye. Tangu wiki ya kwanza alikabidhiwa kuandika kumbukumbu, eti ana mwandiko safi. Sijawahi kusikia mwanamume akisifiwa mwandiko. Siku moja aliinua kichwa akasema kwamba mtafiti huona kwanza kile alichofunzwa kukitafuta, kwa hiyo swali la nani yumo maabarani ni swali la sayansi yenyewe, wala si la adabu tu. Mkuu wa idara akauliza kama chai imefika.

Punde nikayarudia maneno yale kwa sauti nzito, nikayatia Kilatini kidogo. Meza zikagongwa kwa shangwe.

Chebet akayaandika chini ya jina langu.

Naapa, nilidhani namtetea.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa idara kukiri. Akafungua faili ya kumbukumbu, ile iliyotumiwa kuniteua.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wa Chebet."

"Basi shahidi wako ni yeye. Kijana, unyenyekevu ukizidi ni maradhi. Nataka barua ya kukubali kazi ifikapo Ijumaa."

Nikampigia Chebet simu. Siku hizi yuko Mau Narok, akichagua mbegu za viazi shambani kwa mama yake. Nikamuuliza mbona aliandika jina langu, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Ningeandika langu, si mngesema katibu amejipendelea? Eti sasa ndio umeshtuka, bwana mwanafalsafa!" Nyuma yake wanawake wakaangua kicheko.

Nikasema nitaikataa kazi.

"Ukiikataa, watanipa mimi?"

Akajijibu mwenyewe.

"Watampa mwingine kama wewe, ambaye hata hajui ameiba. Wacha nimalizane na hivi viazi, mvua inakaribia."

Nimeshinda midahalo mingi. Huu umenishinda.

Nikiikubali kazi, mimi ni mwizi mwenye cheo. Nikiikataa, nitakuwa nimeiosha dhamiri yangu tu, naye atabaki kwenye mitaro ya viazi. Ningeweza kuitaka idara irekebishe kumbukumbu hadharani, nikijua nitachekwa, nafasi itapotea, na huenda hata hivyo asiitwe.

Njia hii ya tatu ndiyo haki. Naijua kama nijuavyo jina langu. Hapa bloguni ni rahisi kuandika kwamba hoja ni ya Chebet; hapa hakuna anayeajiri.

Ijumaa ni keshokutwa. Na Mungu anisamehe, bado naitaka kazi ile.